Kodi ya Nyumba na Kodi ya Njia

Kijana aliyemaliza masomo, akipata kazi mjini Kamembe, huanza kwa kuuliza: nyumba ni kiasi gani kwa mwezi? Swali hilo ni la haki, lakini ni nusu ya hesabu. Kila nyumba ina kodi mbili. Ya kwanza hulipwa kwa mwenye nyumba kila mwezi. Ya pili hulipwa njiani kila siku, asubuhi na jioni. Nataka kueleza jinsi ya kuzipima zote mbili pamoja, nikitumia mfano wa kwetu Giheke.

Giheke ni sekta ya wilaya ya Rusizi, nje kidogo ya mji. Ni mahali pa migomba, maharagwe na chai ya Shagasha. Kamembe ndiko kwenye soko, ofisi, mabenki na kiwanja cha ndege, na kutoka huko watu huteremka mpaka mpakani kwenda Bukavu. Mji ukikua, kodi za katikati hupanda, na watu husogea pembeni. Jambo hili si geni. Mwaka 1826 Mjerumani mmoja mwenye shamba, Johann Heinrich von Thünen, alieleza kwamba kodi ya ardhi hushuka kadiri iwavyo mbali na soko, maana aliye mbali hubeba gharama ya safari. Basi urahisi wa nyumba ya mbali si zawadi. Ni malipo ya njia.

Haya, tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake. Tuseme chumba cha mjini ni franka 60,000 kwa mwezi, na cha Giheke ni 35,000. Faida yaonekana kuwa 25,000. Lakini mpangaji akipanda pikipiki kwa franka 600 kwenda na 600 kurudi, kwa siku 22 za kazi atalipa 26,400. Faida imeliwa yote, na 1,400 juu yake.

Mwingine atasema, "Mimi nina miguu." Vema. Ikiwa safari yake ni dakika 90, kwenda na kurudi ni saa 3 kwa siku, yaani saa 66 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya siku 8 za kazi. Gawa zile franka 25,000 kwa saa 66, utaona kwamba ameuza kila saa yake kwa franka 379 hivi. Huenda bei hiyo yamtosha, huenda haimtoshi. Lakini yafaa aijue kabla ya kuhamisha kitanda. Haba na haba hujaza kibaba, na dakika nazo ni hivyo hivyo.

Jambo la pili ni mwanga. Tangu Januari 2023 kazi za Serikali katika Rwanda huanza saa tatu asubuhi na kwisha saa kumi na moja jioni. Shule huanza saa mbili u nusu na kwisha saa kumi na moja vilevile. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua letu huzama kwenye saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwa hiyo atokaye kazini au shuleni ana muda wa saa moja tu ya kutembea akiona njia. Safari ya dakika 50 humfikisha nyumbani kukiwa kweupe. Ya dakika 90 humtia gizani kila siku. Kwa msichana arudiye peke yake kutoka shuleni, tofauti hiyo haipimwi kwa franka.

Jambo la tatu ni siku mbaya. Watu wengi huijaribu njia mwezi wa Julai, vumbi likiwa kavu na anga jeupe. Ijaribu Aprili, wakati wa masika, udongo ukiteleza na pikipiki zimejificha chini ya mabaraza. Pima safari kwa siku yake mbaya, maana mwajiri haulizi kama mvua ilinyesha. Na afanyaye kazi ng'ambo ya mto Rusizi aongeze foleni ya mpakani. Akumbuke pia Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya Korona: kwa wengi njia haikurefuka, ilikatika.

Wataalamu wawili wa Zurich, Bruno Frey na Alois Stutzer, waliwachunguza watu wa Ujerumani wakaona kwamba wenye safari ndefu ya kazini huridhika na maisha yao kidogo kuliko wenye safari fupi. Ingepasa nyumba nzuri au mshahara mkubwa uwafidie, lakini haukuwafidia. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba nyumba twaiona siku tunayoichagua, bali njia twaijua baadaye.

Msidhani nawakataza kukaa Giheke. Mwenye kazi Shagasha akipanga Kamembe atakuwa amepindua hesabu yote. Na mwenye kiwanja chake mwenyewe, mwenye mboga nyuma ya nyumba na wazazi karibu wa kuwatazama watoto, ana mapato ambayo chumba cha mjini hakina. Lakini asihesabu safari yake peke yake. Aorodheshe miguu yote ya nyumba: ya mke aendaye sokoni, ya mtoto aendaye shule, ya mzee aendaye kituo cha afya. Mara nyingi baba hujichagulia njia fupi, na mtoto wa miaka 12 akalipa iliyobaki kwa usingizi wake na kwa masomo yake ya jioni.

Basi, ndugu zangu mliotoka shuleni, na ninyi mtakaotoka mwakani: kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza, tembeeni njia ile siku tatu kwa saa zile zile za kazi, moja yake iwe ya mvua. Andikeni dakika, andikeni nauli, kisha jumlisheni na kodi. Nyumba iliyo rahisi ni ile ambayo jumla yake ni ndogo.