Nyumba mu Kolwezi: tusisadiki kila neno la mu telefone

Wafanyakazi wengi wanatoka Likasi, Lubumbashi ao Kipushi kuja kutumika mu mini za Kolwezi. Kitu cha kwanza ni nyumba. Zamani mutu alizunguka kartie kwa miguu. Leo anafungua Facebook ao WhatsApp, anaangalia picha, anasoma maneno ya watu chini yake: « Nyumba iko muzuri sana, mayi na kuran iko saa yote. » Kiisha anatuma feza.

Sisi wa sendika tunasema: pole pole. Tuhesabu pamoja. Kama nyumba ni dola 150 kwa mwezi, garanti ya miezi 3 ni dola 450. Komisionere naye anataka mwezi wake, dola 150. Ni dola 600 mbele ya kulala hata usiku mumoja. Feza hiyo ikipotea, ni masomo ya watoto yanapotea.

Mwenzetu mumoja alituma garanti angali Likasi, kwa sababu watu saba waliisifu ile nyumba. Alipofika na muke na watoto, alikuta familia ingine ndani, na namba ya telefone haipatikane tena.

Basi, maneno hayo tunayapima namna gani?

Kwanza, tuangalie nani anaongea. Kama watu watano wanasifu kwa maneno yaleyale, ao mutu mumoja anasifu nyumba kumi, huyo ni komisionere ao ndugu ya mwenye lupango.

Pili, tuangalie tarehe. Mutu aliyeandika mu mwezi wa 7 hajaona mvua. Avenyu iliyo kavu wakati wa jua inaweza kuwa mutoni mu mwezi wa 1.

Tatu, sifa tupu haisaidie. Anayesema « kuran ya SNEL inakatika kila magaribi, mayi ya Regideso inakuja paka usiku », huyo amelala pale. Malalamiko nayo tuyapime: mutu mumoja mwenye hasira anaweza kuwa amegombana tu na mwenye nyumba. Lakini watatu wasiojuana wakitaja kitu kimoja, tukisadiki.

Tena tutafute kile hawasemi. Karibu na shimo, baruti inapasua kuta na vumbi inaingia mu chakula. Kule Kasulo, tangu 2014, watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Picha ya rangi mupya haionyeshe mashimo.

Kiisha twende wenyewe, asubui na usiku. Tuulize mama anayeuzisha mbele ya lupango, yeye hana faida ya kudanganya. Tuulize basi ya wafanyakazi inapita wapi. Kama tuko mbali, tutume mwenzetu wa kazi aende kuona.

Na sheria iko upande wetu. Sheria ya tarehe 31 desemba 2015 inakataza garanti ya nyumba ya kulala kupita miezi 3. Anayeomba 6 anavunja sheria. Tuandike kontra, tupate risiti, na hakuna kutuma feza kwa telefone mbele ya kuona mulango, ufunguo na mwenye nyumba mwenyewe.

Mutu akisita, aulize delege wake. Mu kila ekipe kuna mutu anayekaa ile kartie. Neno lake moja linapita sifa mia za watu tusiowajua.