Fyuzi ya Joto Si Adui Yako

Nikisema leo nitazungumzia mashine ya kukaushia nguo, najua wapo watakaocheka. Watasema jua la Dar es Salaam linatosha, na kamba ya kuanikia haili yuniti za LUKU. Ni kweli kabisa. Lakini wakati wa masika nguo hushinda kambani siku tatu na bado zinanuka unyevu, na mwenye mtoto mchanga anayeishi ghorofa ya sita hana uwanja wa kuanikia. Ndiyo maana mashine hizi zimeingia katika baadhi ya nyumba zetu, nyingine mpya, nyingine mtumba kutoka ng'ambo. Na zikiharibika, wengi wetu hatujui pa kuanzia.

Malalamiko makubwa ni mawili: ama pipa linazunguka lakini nguo zinatoka baridi, ama mashine inajizima yenyewe kabla nguo hazijakauka. Kabla ya kumwita fundi, inafaa tuelewe jinsi mashine ya umeme inavyofanya kazi.

Mota huzungusha pipa kwa mkanda. Feni huvuta hewa, hewa ikapita kwenye koili ikapata moto, ikaingia ndani ya pipa na kubeba unyevu wa nguo. Kisha hupita kwenye chujio linalonasa nyuzinyuzi, na kutoka nje kwa bomba. Zipo pia mashine zisizo na bomba, ambazo huipoza hewa hiyo ndani kwa ndani na kukusanya maji kwenye tangi dogo. Kwa vyovyote vile, nguo hazikaushwi na moto peke yake. Hukaushwa na moto pamoja na hewa inayotembea. Hewa ikizibwa, joto halina pa kwenda. Hubaki pale pale kwenye koili na kuzidi kupanda.

Watengenezaji walilijua hilo, wakaweka walinzi. Mlinzi wa kwanza ni themostati, ambayo huzima koili joto likitosha na kuiwasha tena likipungua. Mlinzi wa pili ni fyuzi ya joto. Fyuzi tuliyoizoea kwenye plagi huangalia wingi wa umeme. Hii huangalia ukali wa joto. Joto likipita kiasi hukatika, na ikikatika haijirudishi, ni kubadilisha tu. Mashine nyingine badala ya fyuzi huwa na kitufe kidogo cha kubonyeza, mara nyingi nyuma ya mashine.

Sasa, pipa likizunguka bila joto, kwanza tazama kama hukuchagua hewa baridi kwenye swichi. Kama sivyo, chomoa plagi, mashine ipoe, kisha fundi apime kwa mita vitu vitatu: fyuzi ya joto, themostati na koili. Kilicho kizima hupitisha umeme; kilichokatika hakipitishi. Koili iliyokatika mara nyingi huonekana hata kwa macho.

Hapa ndipo penye hatari ninayotaka kuisema leo. Niliwahi kuona kwa macho yangu, mtaani kwetu, mashine ambayo fundi aliing'oa fyuzi ya joto, akaunganisha nyaya mbili na kuzifunga kwa tepu nyeusi. Mashine ikawaka, fundi akalipwa, mwenyewe akashukuru. Nilipoivuta mbele kidogo, bomba la nyuma lilikuwa limebanwa na ukuta, limejaa nyuzinyuzi kama pamba ya mto. Je, hapo kimetengenezwa nini? Mlinzi ameondolewa, mwizi bado yumo ndani ya nyumba!

Nyuzinyuzi hizo ni pamba kavu, na pamba kavu karibu na koili ni kama kuni zilizopangwa jikoni. Idara ya zimamoto ya serikali ya Marekani ilikadiria kuwa kati ya mwaka 2008 na 2010 mashine hizi zilihusika na mioto ya majumbani ipatayo 2,900 kila mwaka, na sababu iliyoongoza ni kutosafishwa. Huko London, tarehe 19 Agosti, 2016, moto ulianzia kwenye mashine ya kukaushia nguo katika jengo la ghorofa 18 la Shepherd's Bush, ukapanda kwenye nyumba za juu. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Mashine za aina hiyo zilikuwa tayari zimetolewa tahadhari kwamba nyuzinyuzi zaweza kugusa koili.

Tuje kwenye lalamiko la pili. Mashine ikijizima katikati ya kazi, kisha ikakubali kuwaka baada ya nusu saa, kuna uwezekano mkubwa kwamba mota imepata moto kupita kiasi na kinga yake imeikata ipoe. Ikiwa inasimama mapema na kudai nguo zimekauka, futa vile vibati viwili vya chuma ndani ya pipa vinavyopima unyevu. Dawa za kulainisha nguo huviwekea utando. Na kwa ile isiyo na bomba, angalia kama tangi la maji limejaa.

Kipimo cha hewa hakihitaji fundi. Washa mashine, toka nje, weka mkono mahali bomba linapotokea. Hewa ya moto itoke kwa nguvu. Ikiwa dhaifu, bomba limeziba au limekunjwa. Chujio nalo lisafishwe kila baada ya kukausha. Limwagie maji: yakituama juu yake, lina utando, lioshe kwa sabuni na brashi, likauke ndipo ulirudishe.

Neno moja kwa wanaonunua mtumba wa Marekani. Huko mashine hizi hupewa umeme wa volti 240 kwa ajili ya koili, lakini mota yake kwa kawaida ni ya volti 120. Ikiunganishwa kienyeji kwenye umeme wetu, mota yaweza kupewa karibu mara mbili ya haki yake. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujatoa pesa.

Najua fundi atakwambia kuwa fyuzi ya joto haipatikani madukani, na kwamba kuunganisha nyaya ni kwa muda tu. Mwambie ahsante, mashine itakaa mpaka fyuzi ipatikane. Na ikipatikana, isifungwe kabla bomba na chujio havijasafishwa, maana bila hivyo nayo itakatika. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Fyuzi iliyokatika imekuonyesha maradhi mapema, wakati tiba bado ni brashi na sabuni. Kwa siku hizo chache za kungoja, nguo zikae kambani, hata zikinuka unyevu, kuliko watoto kulala jirani na koili isiyo na mlinzi.