Faida iliyojificha kwenye tofali

Mama mmoja mwenye duka la rejareja Tandika, Dar es Salaam, ana kiwanja chenye rundo la tofali ambalo kwa miaka limekataa kuwa nyumba. Majirani wanadhani kaishiwa. Mwenyewe anasema humo ndimo anamoficha faida, maana hakuna shemeji atakayebisha hodi saa mbili usiku kuomba akopeshwe tofali.

Malalamiko yake ni marefu, na hayaanzi na kodi wala umeme, ingawa hayo nayo hayakosi. Yanaanza na watu anaowapenda. Haupiti mwezi, anasema, bila kuingizwa kwenye kundi jipya la simu la kamati ya harusi. Kadi ya mchango ina kiwango cha mtu mmoja na cha wawili, na mwenye duka haonekani vizuri akilipa cha mmoja. Ukitokea msiba, mchele na sukari vya kwanza vinatoka kwake, na hesabu yake hufanywa baada ya arobaini, kama itafanywa. Mtoto wa kaka akichaguliwa shule ya bweni, godoro na tranka vinamwangukia yeye. Daftari la madeni lina majina asiyothubutu kuyadai, mojawapo la mama yake mdogo.

Basi kajifunza kukwepa. Pesa ikijaa droo anakwenda Kariakoo kuigeuza mzigo siku hiyohiyo, hata kama stoo haina nafasi, kwa sababu mwenye mzigo anaweza kuapa kwamba hana hela na asiwe mwongo. Duka lilipoanza kuvuta macho hakulitanua. Alifungua kibanda mtaa wa pili kwa jina la dada yake. Wenzake wengi hufanya vivyo hivyo, na huenda ndiyo sababu mitaa yetu ina maduka yanayofanana kama mapacha, lakini ni machache yanayopanda kuwa ya jumla. Wapo ambao droo ikipungua husingizia chuma ulete, uchawi unaodaiwa kuvuta pesa za watu. Mwandishi huyu hana ushahidi wa chuma ulete. Wa michango anao.

Wasomi wa biashara wana jibu la haraka: huu ni utamaduni wa kuishi kijumuiya, nao haukuzi wajasiriamali. Vipimo vya tamaduni za mataifa vinavyonukuliwa zaidi vilitokana na madodoso zaidi ya laki moja ya wafanyakazi wa kampuni moja ya kimataifa ya kompyuta, yaliyojazwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania ilitiwa kapu moja na Kenya, Ethiopia na Zambia. Muuza dagaa wa Tandika hakuulizwa kitu.

Angeulizwa, angesema mtaji wenyewe ulitoka kwa hao hao ndugu. Kijana anayeletwa mjini kutoka Makete hukaa dukani kwa mjomba miaka kadhaa kwa malipo kiduchu, kisha siku moja anafunguliwa lake. Kariakoo mzigo hutoka kwa mali kauli: unachukua leo, unalipa ukishauza, dhamana ni jina lako na la aliyekuleta. Hata mama wa Tandika, alipobanwa, alikiri kwamba gunia lake la kwanza lilinunuliwa kwa zamu yake ya upatu. Anayekosa watu wa namna hiyo huishia kwa wakopeshaji wa kausha damu, wenye riba ya kuumiza.

Wala si haki kuwatwika ndugu lawama yote ya kuficha. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mfanyabiashara binafsi aliangaliwa kwa jicho la unyonyaji. Mwaka 1976 Operesheni Maduka iliwafungia wenye maduka, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi uliwafanya wengine watupe bidhaa zao porini. Ruksa ya kufanya biashara ilikuja baadaye, ila mtu aliyewahi kumwona baba yake akifukia vitenge hawezi kupanga mali yote mbele ya duka.

Afisa mmoja wa serikali, aliyeomba asitajwe, haoni tatizo kubwa. Anasema nchi ina biashara ndogo zaidi ya milioni 3, kinachokosekana ni elimu ya ujasiriamali, na suala la mtaji limeshughulikiwa na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Tarakimu hiyo ya milioni 3 ni ya utafiti wa 2012, na genge halidumu miaka yote hiyo. Mikopo nayo ilisimamishwa 2023 kabla ya kurejeshwa, jambo ambalo afisa alilipita mbio. Tena kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, yaani kwa kutegemea ujamaa ule ule unaodaiwa kuua biashara.

Dalili za mabadiliko zipo, kama mtu anataka kuziona. Vijana wanaouza mtandaoni hawana duka la kuvamiwa na shemeji, na huenda hao wakakua kwa namna nyingine. Au wakachangishwa kwa njia hiyo hiyo ya mtandao. Binti wa mama wa Tandika anataka mahesabu yahamie kwenye simu. Mama anasita. Simu ile, anasema, huazimwa na kila anayeingia ndani.