Mashini ya upepo isimame mbali gani na nyumba?

Ndugu mfanyakazi, shaba unayoitoa ardhini haiishii katika nyaya za mtaa wako. Nyingine inapanda minara mirefu huko Ulaya, ndani ya mashini zinazogeuza upepo kuwa umeme. Kila mashini kubwa inakula tani kadhaa. Sisi Katanga umeme wetu mwingi unatoka kwenye maji, Nzilo na Nseke. Lakini ugomvi wa huko unatuhusu, maana ni ugomvi wa kelele na usingizi.

Ufaransa, sheria ya 2010 ilitaka mita 500 kutoka nyumba za watu, zisipungue. Denmark wanapima kwa urefu: mara nne ya mnara pamoja na bawa likisimama wima. Mashini ya mita 150 inakaa basi mita 600. Poland mwaka 2016 walitaka mara kumi, na ujenzi mpya ukakwama karibu nchi nzima. Mwaka 2023 wakashusha hadi mita 700, pale mpango wa ardhi wa mahali umekubali.

Sasa masikio. Kazini, desibeli 85 kwa saa nane kila siku zinaharibu masikio yasiyozibwa. Mashini ya upepo kwa mita 500 haifiki hata karibu na hapo. Hakuna atakayekuwa kiziwi. Shida ni usiku. Kijiji kimenyamaza, bawa linapita vuu, vuu, na mtu yuko macho. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2018 kelele hiyo iwe chini ya desibeli 45, kwa wastani wa mchana, jioni na usiku. Kwa usiku peke yake halikutoa kipimo: ushahidi haukutosha. Kuna na kivuli cha mabawa kinachopitapita dirishani jua likiwa chini; Wajerumani hawaruhusu kipite dakika 30 kwa siku.

Kwangu mimi, mita peke yake zinadanganya. Nyumba iliyo upande upepo unakoelekea inasikia zaidi. Ni heri kuweka kikomo cha kelele kwenye nyumba yenyewe, kama Denmark wanavyofanya pia: nyumba ya shambani isipate zaidi ya desibeli 44 upepo ukienda mita 8 kwa sekunde.

Na wewe mama, bwana akirudi kutoka kazi ya usiku, analala mchana, na jioni ataendesha tena lori kubwa. Tazama mashini ndogo ya mafuta ya kutoa umeme: iko wapi? Mara nyingi ni chini ya dirisha lake. Mahali pa wazi, kila ukiongeza umbali mara mbili, kelele inapungua karibu desibeli 6. Itoe mita 3, ipeleke 6, ikiwezekana 12, na mdomo wa moshi uelekee mbali na nyumba yako na ya jirani. Ndani ya nyumba au barazani usiiwashe hata siku ya mvua. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki.