Kamomili: Hutuliza, Hutibu au Huponya?

Katika masomo ya tafsiri, lebo za pakiti za chai ya kamomili huzua swali la lugha ambalo ni swali la afya pia: je, mmea huu huponya, hutibu au hutuliza? Katika makala haya tunaeleza kwanza mmea wenyewe, kisha matumizi yake, na mwisho vitenzi vinavyoufaa.

Kamomili ni mmea mdogo wa jamii moja na alizeti. Maua yake yana petali nyeupe na kitovu cha manjano. Asili yake ni Ulaya na Asia ya Magharibi, na siku hizi hulimwa kwa wingi nchini Misri. Jina lake limetokana na Kigiriki, lenye maana ya "tufaa la ardhini", kwa sababu ya harufu yake. Wahispania huuita manzanilla, yaani tufaa dogo, na Waarabu babunaj, neno lenye asili ya Kiajemi. Tulinganishe na mwarobaini wetu, unaosifiwa kwa jina lake kuwa hutibu maradhi arobaini. Jina la kamomili haliahidi tiba yoyote. Linataja harufu tu.

Ama kuhusu matumizi, maua makavu hutiwa maji ya moto na kufunikwa kwa dakika 5 hadi 10, ili mafuta yenye harufu yasipotee na mvuke. Chai hiyo hunywewa tumbo linapojaa gesi au kusokota kidogo. Watu pia huisukutua kwa vidonda vidogo vya kinywani, au hujifukiza kwa mvuke wake wanapopata mafua. Mwaka 2015 Wakala wa Dawa wa Ulaya uliyakubali matumizi hayo kwa msingi wa mapokeo ya muda mrefu, wala si kwa uthibitisho wa majaribio ya kitabibu.

Hapa ndipo vitenzi vinapohitaji uangalifu. "Kutibu" ni kushughulikia ugonjwa, ndiyo maana twasema, "Alitibiwa lakini hakupona." "Kuponya" ni kusababisha mtu apone, yaani ugonjwa wenyewe uishe. "Kutuliza" ni kusababisha maumivu au wasiwasi utulie, hata kama chanzo chake bado kipo. Mfasiri anayeandika "huponya vidonda vya tumbo" mahali palipokusudiwa "hutuliza tumbo" anaweza kumfanya mgonjwa abaki nyumbani na kikombe chake badala ya kwenda zahanati.

Upole wa dawa nao una mipaka. Mwenye mzio wa mimea ya jamii hii aiepuke kamomili. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwone daktari kwanza, kwani damu inaweza kutoka kupita kiasi. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu, wala si chai ya aina yoyote.

Tunawashauri walimu wenzetu wawape wanafunzi lebo moja ya dawa ya mitishamba, wapigie mstari kila kitenzi, kisha waulize: kitenzi hiki kinamwahidi nini mgonjwa? Zoezi hilo hufundisha unyambulishaji na uwajibikaji kwa pamoja.