USIANDIKE "ORIJINO" KABLA HUJAFUNGUA SKRUBU: SOMO LA GRAMAFONI ILIYONIPA HASARA

Leo nawaletea somo la vitu vya zamani, ila hata kama unauza viatu vya mtumba au simu, soma mpaka mwisho. Linakuhusu.

Kuna siku niliuziwa gramafoni yenye pembe kubwa ya shaba inayong'aa na kibandiko cha yule mbwa anayesikiliza. Muuzaji akasema ni ya mwaka 1910. Nikatoa 280,000, nikapiga picha, nikaandika "ORIJINO, YA MKOLONI". Haikumaliza siku tatu, mzee mmoja wa Tanga akaichukua kwa 450,000. Nikaituma kwa basi.

Baada ya wiki akanipigia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, hii mashine si ya zamani. Mimi kwetu tulikuwa na kinanda cha santuri, nakijua. Fungua uone skrubu zake."

Sikuwa na la kujibu. Kumbe na mimi niliingizwa mjini, halafu nikamwingiza mwenzangu. Nikamrudishia hela yake yote. Mashine iliporudi ndipo nikaanza kujifunza kitu nilichokuwa nimeshakiuza.

Kwanza jua jina la unachouza

Mashine ya kwanza ya kurekodi na kurudisha sauti ni ya Thomas Edison, Marekani, mwaka 1877. Hiyo ndiyo fonografu. Mwanzo ilitumia karatasi ya bati, baadaye zikaja silinda za nta. Mwaka 1887 Emile Berliner akaja na gramafoni, inayotumia sahani bapa. Wamarekani huziita zote fonografu, lakini wakusanyaji wengi wanatofautisha. Ukichanganya majina, mteja anayejua anakuona huna habari.

Kwa pwani yetu, zinazojulikana zaidi ni za sahani, yaani santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurekodi kwa His Master's Voice, na santuri zao zikasikika huku kwetu. Ndiyo maana wapo wazee wanaozitafuta hadi leo. Mzee wa namna hiyo hanunui pambo, ananunua sauti ya nyumbani kwao.

Dalili za feki

Feki nyingi zinaungwa India kwa ajili ya watalii. Mara nyingi motor ndani ni ya zamani kweli, imetolewa kwenye mashine ya sanduku la kubeba, halafu boksi na pembe ni vya juzi. Angalia haya:

1. Skrubu za nyota. Hizo zimeanza kusambaa miaka ya 1930. Ukiambiwa mashine ni ya 1910 na boksi lina skrubu za nyota, jiulize.
2. Pembe ya shaba nyembamba, inang'aa kama sufuria jipya.
3. Boksi lenye pembe nane, mbao laini iliyopakwa rangi ya giza ili ionekane imezeeka.
4. Kibandiko cha mbwa kikubwa kupita kiasi, hakina hata mkwaruzo.

Dalili moja peke yake haitoshi, maana huenda fundi wa zamani alibadilisha skrubu. Zikija tatu kwa pamoja, shika hela yako.

Kukarabati bila kuharibu thamani

Ukipata ya kweli, usikimbilie msasa na vanishi. Alama ya kiwanda na rangi yake ya uzee ndiyo bei yenyewe. Futa vumbi kwa kitambaa laini, ishia hapo kwanza.

Ndani kuna springi inayokazwa kwa hendeli. Grisi yake ikikauka, mashine inakwama au inagonga. Hiyo mpelekee fundi. Springi ikifyatuka inakata mkono, usijaribu kwa kuangalia video. Sauti ikiwa inakoroma, mara nyingi ni mpira wa kwenye kichwa cha sauti uliokakamaa. Unabadilishwa. Vipande vya zamani usitupe, mpe mteja kwenye kimfuko.

Santuri za mizunguko 78 usizisafishe kwa spiriti, zinayeyuka. Sindano ya chuma badilisha kila upande mmoja wa sahani. Na usiweke sahani za plastiki za miaka ya baadaye kwenye mashine hizi, kichwa ni kizito, kinazichimba.

Maneno manne ya kuandika kwenye posti

Siku hizi kila mashine naiweka kwenye fungu moja kati ya haya:

- YA ASILI: vipande vyote ni vyake.
- IMEKARABATIWA: ni ya asili, na nataja nilichobadilisha.
- YA KUUNGAUNGA: vipande vimetoka mashine tofauti.
- YA MAPAMBO: mpya iliyotengenezwa ifanane na ya zamani.

Halafu naweka picha ya motor na skrubu, na video ikipiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukata. Wakati wa kutuma, naiacha izunguke mpaka springi iishe nguvu, natoa kichwa cha sauti, pembe inafungwa peke yake.

Ile yangu niliiposti upya: "YA MAPAMBO. Boksi na pembe ni vipya, motor ni ya zamani." Mwenye mgahawa akaichukua kwa 250,000 na alijua anachonunua. Ukijumlisha na nauli za basi 40,000, hasara yangu ni 70,000.

Yule mzee? Miezi kadhaa baadaye nilipata mashine ya kubeba ya asili, yeye ndiye nilimpigia wa kwanza. Akauliza, "Skrubu umeziangalia?" Nikamwambia nimeziangalia zote. Akatuma hela siku hiyo hiyo.

Sasa rudi kwenye posti zako uone umeandika "orijino" mara ngapi. Ngapi kati ya hizo ulizifungua ukaona ndani? Niambie kwenye komenti.