Sembagare wa kweli alikuwa mtu wa shamba

KIGALI — Waliotazama filamu ya Gorillas in the Mist ya mwaka 1988 wanamkumbuka Sembagare, mfuatilia nyayo anayemwongoza Dian Fossey katika misitu ya Virunga. Wengi hawajui kwamba mwenye jina hilo hasa alikuwa mfanyakazi wa shamba. Mfuatilia nyayo aliyemfundisha Fossey kazi kule Kabara, upande wa Kongo, mwaka 1967 aliitwa Sanwekwe. Filamu ilichukua jina la mmoja, na la mwingine likabaki porini.

Shamba la Sembagare ni Mugongo, chini ya Mlima Karisimbi, upande wa Gisenyi. Mwenye shamba alikuwa Rosamond Carr, Mmarekani aliyefika Afrika mwaka 1949 na kulinunua mwaka 1955. Sembagare alianza kama mtumishi wa nyumbani, akapanda hadi kuwa msimamizi wa shamba zima.

Wakulima wa Iringa, Mbeya na Nakuru hawahitaji kuelezwa uzito wa kazi hiyo. Pareto hupenda ubaridi wa nyanda za juu. Maua yake huchumwa kwa mkono, na lazima yakaushwe upesi, kwani yakiharibika dawa yake ya kuua wadudu hupungua na bei hushuka. Msimamizi ndiye anayejua ua lipi limeiva, wachumaji wangapi waitwe na mvua ikija mavuno yaingizwe wapi. Bei ya pareto ilipoyumba, Mugongo iligeukia maua ya mapambo, yaliyouzwa kwenye hoteli na balozi.

Zao hilo liliula msitu pia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, hekta 10,000 hivi za Hifadhi ya Volkano zilikatwa ili zilimwe pareto. Hivyo watu wa shamba na watu wa msitu walikuwa majirani wa mpaka mmoja, na Fossey mwenyewe alikuwa rafiki wa nyumba ya Mugongo.

Yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Carr alihamishwa nchini pamoja na wageni wengine. Aliporudi mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 82, alikuta nyumba imeporwa. Sembagare alikuwa hai. Wawili hao waligeuza banda la zamani la kukaushia pareto kuwa makao ya yatima, na Desemba 1994 watoto wa kwanza, 40 hivi, wakapokelewa. Makao yakaitwa Imbabazi. Usalama ulipozorota kaskazini, yalihamishiwa Gisenyi, kisha yakarejea Mugongo. Kwa jumla yalilea watoto zaidi ya 400.

Carr alifariki Septemba 2006, akiwa na miaka 94, na magazeti ya nje yakamwandika kwa kirefu. Alistahili. Lakini mama mgeni mwenye umri huo asingeweza kulisha na kulinda watoto wengi namna hiyo bila mtu aliyejua kila njia, kila jirani na kila bei ya soko. Mtu huyo alikuwa naye kwa takriban nusu karne.

Katika ukanda wetu mashamba mengi yanaitwa kwa majina ya wenye hati. Wazee wanaojua nani aliyasimamia wanazidi kupungua. Tuwaulize wangali nasi.